Kadi Ni Ile Ile, Masharti Yamebadilika (Historia ya Matibabu Kwetu, Sehemu ya 7)

Wa Ngara mjini, Kabanga, Rulenge na Benaco, na nyie wa Biharamulo, Nyakahura na Lusahunga, nawasalimu wote. Hii ni sehemu ya saba ya mfululizo wetu. Leo ni ndefu, kwa hiyo kama uko zamu, isome ukitoka.

Tunaanzia mbali kidogo, angani.

Mwaka 1981 shirika la ndege la Marekani, American Airlines, lilianza kuwahesabia maili abiria wake wanaosafiri mara kwa mara. Ukisafiri nao sana maili zinajikusanya, na ukifikisha kiwango unapandishwa daraja: unaingia kwenye ndege kabla ya wengine, begi la ziada hulilipii, ukichelewa kuondoka unasubiri kwenye chumba chenye makochi. Mashirika mengine yakaiga haraka. Leo karibu kila shirika kubwa lina kadi zake za fedha na dhahabu, na wapo watu wanaozilinda kuliko cheti cha ndoa. Mtu yuko tayari kuunga ndege mbili mahali ambapo moja ingemfikisha, ilimradi kadi yake isishuke daraja.

Sasa Septemba 2023 shirika la Delta, mojawapo ya makubwa kabisa huko, likatangaza kwamba daraja litapatikana kwa kuangalia hela uliyotumia tu. Maili ulizosafiri na idadi ya safari zako havitahesabika tena. Kuingia kwenye vile vyumba vya kusubiri nako kukabanwa. Abiria wa miaka mingi wakaona wamegeukwa. Walilalamika mitandaoni, wengine wakasema wanahamia kwa washindani, na baada ya wiki chache mkuu wa shirika, Ed Bastian, akakiri hadharani kwamba huenda wamevuka mpaka. Oktoba masharti kadhaa yakalegezwa.

Utaniuliza, nesi wa Kagera na kadi za dhahabu za ndege wapi na wapi? Wengi wetu huku ndege tunaiona ikipita juu tu. Lakini kadi ya uanachama tunayo. Imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya sabuni, au imechomekwa kwenye daftari la kliniki la mtoto. Naongelea kadi ya bima: CHF kwa mkulima, NHIF kwa mwajiriwa. Nayo masharti yake yamebadilika, tena si mara moja. Na swali wanalojiuliza wale abiria ndilo mnaloniuliza nyie kwenye inboksi kila kadi zinapokaribia kuisha: mimi nimekuwa mwaminifu miaka yote hii, wao wanabadilisha kanuni nikiwa shambani, niendelee kulipa kwa lipi?

Ni swali la haki. Kulijibu lazima turudi nyuma.

KABLA YA KADI

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilichukua jukumu la kumtibu kila mtu bila malipo kwenye vituo vyake, na zahanati zikaanza kusogea vijijini. Mwaka 1977 matibabu binafsi ya kibiashara yakapigwa marufuku kwa sheria. Hospitali za dini zikaendelea, na ndiyo maana wilaya zetu mbili zimelelewa na misheni: Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge na Biharamulo za Wakatoliki.

Miaka ya 1980 uchumi ukayumba. Matibabu yalikuwa bure ila dawa hazikuwepo, na wazee wetu wanakumbuka kwenda na shuka, taa ya chemli na chakula chao. Mwaka 1991 hospitali binafsi zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 serikali ikaanza kutoza ada kwenye hospitali zake, ikianzia zile kubwa na kushuka hadi za wilaya. Mpango huo uliitwa uchangiaji. Wananchi waliuita kwa jina rahisi zaidi: kulipa.

Hapo huku kwetu kukaingia jambo ambalo mikoa mingine hawakulipata. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa kama 24. Benaco iligeuka mji. Mashirika ya kimataifa yakaja na madaktari, mahema, maji safi na dawa, na wenyeji wa jirani nao wakawa wanatibiwa kambini. Yaani wakati Mtanzania wa wilaya nyingine anaanza kuzoea kulipa hospitalini, mtu wa Ngara alikuwa anatembea kwenda kambini kutibiwa bila kutoa hata senti.

Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Kambi ya Warundi ya Lukole iliendelea miaka mingine zaidi ya kumi, lakini yale makubwa ya Benaco yalikwisha. Na mwaka huo huo wa 1996, huko Igunga mkoani Tabora, serikali ikisaidiwa na Benki ya Dunia ilianza kujaribu kitu kipya kinaitwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Ndiyo CHF.

KADI YA KWANZA

Wazo lenyewe lilikuwa zuri na jepesi. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka, ikiwezekana wakati wa mavuno hela inapokuwepo, halafu inatibiwa mwaka mzima. Igunga walianza na shilingi 5,000 kwa kaya. Asiyejiunga analipa papo kwa papo kila anapougua. Na kwa kila shilingi ya mwanachama, serikali iliahidi kuongeza shilingi nyingine. Huo mpango wa kuongezea ulipewa jina tamu: tele kwa tele.

Mwaka 2001 ikatungwa Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ili halmashauri zote zianzishe CHF. Kila halmashauri ilijipangia ada yake. Mwaka huo huo NHIF, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, ikaanza kazi kwa watumishi wa serikali. Kule hakuna hiari: asilimia 3 ya mshahara inakatwa, mwajiri anaongeza 3, na kadi inabeba watu sita, yaani mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne.

Tazama sasa jinsi tulivyogawanywa toka mwanzo. Mwalimu wa Rulenge na mkulima wa kahawa wanayepakana naye ukuta wana kadi mbili tofauti. Ya mwalimu inapokelewa mpaka hospitali ya taifa. Ya mkulima iliishia kwenye kituo alichojiandikisha na ndani ya halmashauri yake. Ukitoka Ngara kwenda msibani Biharamulo ukashikwa na malaria huko, kadi yako ni karatasi tu. Kwenye ndege wanasema daraja la dhahabu na daraja la kawaida. Sisi tulikuwa nayo madaraja, ila hatukuyaita hivyo.

Kwa miaka mingi waliojiunga na CHF walibaki wachache. Umaskini ni sababu mojawapo, lakini waliowahi kukaa dirisha la dawa wanaijua nyingine. Mama amelipa. Amefika na kadi. Anaambiwa dawa imeisha, kanunue duka la nje. Jirani yake ambaye hakulipa naye anaambiwa kanunue duka la nje. Wote wawili wanakutana dukani, na mmoja wao anajiona mjinga.

MASHARTI YANAANZA KUTEMBEA

Mwaka 2009 usimamizi wa CHF uliwekwa chini ya NHIF. Mwaka 2018 ukaondolewa huko na ikaja CHF iliyoboreshwa, chini ya TAMISEMI. Ada ikawa moja kwa mikoa yote isipokuwa Dar es Salaam: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Mwandikishaji anakuja kijijini na simu, anakupiga picha, kadi inatoka.

Mabadiliko haya yalikuwa na mema yake na lazima tuyaseme. Kadi ilianza kutambulika nje ya kituo ulichojiandikisha, na kwa rufaa inakufikisha mpaka hospitali ya mkoa. Kwa aliyewahi kukwama msibani, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini liangalie kwa macho ya mwanachama wa zamani. Ada imepanda, kwa wengine mara mbili au tatu ya waliyoizoea. Nafasi ni sita. Nyie mnazijua kaya zetu: baba, mama, watoto watano au sita, bibi yuko chumba cha pembeni, na mtoto wa marehemu dada mnaishi naye. Mama anasimama mbele ya mwandikishaji na kuanza kuhesabu kwa vidole nani aingie nani abaki. Mimi nimeziona kaya ambazo anayeachwa ni yule asiyeugua mara kwa mara. Halafu Novemba mvua zikishika, ni yeye anayeletwa mgongoni na degedege.

Na huko kuishia ngazi ya mkoa nako kuna utata kwa jiografia yetu. Hospitali yetu ya mkoa iko Bukoba. Mtu wa Biharamulo ana hospitali ya kanda hapo Chato, wilaya iliyomegwa kutoka Biharamulo yenyewe, lakini ile ni ngazi ya juu kuliko mkoa. Ukimwambia kwamba kadi yake inamruhusu kwenda mbali na haimruhusu kwenda karibu, anakuangalia kama umechanganyikiwa.

WENZETU NG'AMBO YA DARAJA

Tuvuke Rusumo kidogo, maana majirani wana somo.

Rwanda walianza kujaribu bima zao za jamii, mutuelles, mwaka 1999, na baadaye kila mtu akatakiwa kujiunga. Kwa kipindi fulani mchango ulikuwa faranga 1,000 kwa mtu, tajiri na maskini sawa. Mwaka 2011 wakabadilisha: watu wakapangwa kwa uwezo wa kaya, kundi la chini likilipiwa faranga 2,000 na wengine, la kati 3,000, la juu 7,000.

Umeona? Ni kama ndege, ila kinyumenyume. Kwenye ndege mwenye hela nyingi anapata zaidi. Pale mwenye hela nyingi anatoa zaidi na anatibiwa sawa na mwenzake. Mimi naona ndiyo haki yenyewe. Lakini hata kanuni ya haki ikiingia ghafla inaumiza: watu walilalamika kwamba wamewekwa kundi lisilo lao, na waliojiunga, ambao walikuwa wamefika karibu asilimia 90, wakashuka chini ya 80 miaka michache baadaye. Mwaka 2015 bima hiyo ikahamishiwa kwenye shirika la hifadhi ya jamii la taifa. Hata hivyo waliobaki ndani ni wengi kuliko sisi tuliowahi kuwapata.

Kenya nao, mfuko wao ulioanza 1966 ulifungwa na mpya ukaanza rasmi tarehe 1 Oktoba 2024. Zamani mchango wa mwajiriwa ulikuwa na dari ya shilingi zao 1,700 kwa mwezi. Sasa ni asilimia 2.75 ya kipato, dari hakuna. Kelele zake mlizisikia mpaka huku.

KWETU TENA: 2023 NA 2024

NHIF walikuwa na kadi ya watoto, Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mzazi asiye mwajiriwa, bodaboda, mama lishe, mwenye kibanda pale Nyakanazi, aliweza kumkatia mwanae kadi ya daraja lile lile la mtoto wa mtumishi. Machi 2023 utaratibu ukabadilishwa: ikawa mtoto mmoja mmoja hasajiliwi hivyo, ila aingie kupitia shule au kifurushi cha familia. Mfuko ulieleza kwamba matibabu yanagharimu mara nyingi zaidi ya michango inayoingia, kwa sababu wazazi wengi walikuwa wanamkatia kadi mtoto ambaye tayari ni mgonjwa.

Hesabu hiyo ni ya kweli na nitaifafanua hapo chini. Lakini mfikirie mzazi aliyemkatia kadi mtoto mzima, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hajawahi kuitumia zaidi ya mafua. Huyo ndiye mfuko ulimhitaji kuliko wote. Na kanuni mpya ilimkuta sawasawa na yule aliyejiunga jana akiwa na rufaa mkononi.

Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa ya waajiriwa. NHIF ilianza kutumia kitita kipya cha bei za huduma tarehe 1 Machi 2024, na hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasitisha kuwapokea wanachama wake zikisema bei hizo haziwezekani. Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, na viongozi wa hospitali binafsi walikuwa kwenye kila taarifa ya habari, mpaka mazungumzo yakarudisha huduma. Huku kwetu hatukutikisika sana kwa sababu tunategemea serikali na misheni. Lakini watumishi wengi walipata somo: unaweza kukatwa kila mwezi kwa miaka 20, na siku unayougua wenye mfuko na wenye hospitali wawe bado wanabishana.

KWA NINI WANABADILISHA?

Sasa tuseme ukweli wote, hata ule tusioupenda.

Chukua kaya 100 za kijiji kimoja. Zikilipa 30,000 kila moja, kapu lina milioni 3. Mwaka huo labda kaya 20 zitaugua sana, nyingine homa za kawaida, nyingine hazitafika kabisa. Kapu linatosha au linakaribia. Mwaka unaofuata kaya 60 zinasema, mbona sisi hatukuugua, hela yetu imeliwa. Haziji. Zinabaki 40, na zilizobaki ni zenye kisukari, presha, selimundu. Kapu sasa lina milioni 1.2 na wagonjwa ni wale wale. Dawa zinaisha mwezi wa nne. Wakiona hivyo, kaya nyingine 20 zinaondoka. Ndipo mwenye mfuko anapandisha ada au anapunguza huduma, na wazima waliobaki nao wanapata sababu ya kutoka.

Mashirika ya ndege hubana masharti kwa sababu waliofika daraja la juu wamekuwa wengi mno, vyumba vya kusubiri vimejaa. Mifuko yetu hubana kwa sababu walio wazima ni wachache mno. Tatizo ni la kinyume, lakini dawa iliyotumika ni moja: andika masharti mapya, watangazie.

Na hapa ndipo abiria wa Delta na mama wa Nyakahura wanapoachana njia. Abiria akichukizwa anahamia shirika jingine, na shirika linamwona akiondoka kwa sababu jina lake liko kwenye kompyuta pamoja na kila maili aliyosafiri. Ndiyo maana mkuu wa shirika alirudi nyuma. Mama wa Nyakahura hana mfuko mwingine wa kuhamia. Akichukizwa hafanyi lolote. Kadi inaisha mwezi wa tisa, hailipii, basi. Hakuna anayempigia simu kumuuliza mama vipi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilipa miaka sita na kuugua mara mbili.

Sisi wa wodini ndio tunaokuja kuliona pengo lake. Anakuja siku ya nne ya homa badala ya siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa anatafuta hela. Presha yake aliacha kuifuata, anakuja mdomo umepinda. Mtoto wa chini ya miaka mitano na mjamzito sera inawapa matibabu bila malipo, sawa. Lakini mtoto wa miaka saba je? Baba wa miaka 45? Wao wamo kwenye lile pengo, na pengo halipigi kelele mitandaoni.

TUNACHOKIJUA TAYARI

Wapo watakaosema Waswahili hatuna utamaduni wa bima. Siyo kweli hata kidogo. Kagera nzima imejaa vyama vya kufa na kuzikana. Unatoa hela na mahindi na kuni, mwaka hadi mwaka, na hujawahi kumsikia mtu akidai arudishiwe kwa sababu kwake hakuna aliyekufa. Anashukuru Mungu, na anaendelea kutoa. Hiyo ndiyo bima, ndugu zangu. Bima si kibubu. Hela ya asiyeugua imekwenda kumtibu aliyeugua, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa nini kule watu hawaondoki? Kwa sababu msiba ukitokea sanduku linapatikana siku hiyo hiyo. Na kwa sababu kanuni ikibadilika inabadilika mbele yako. Mnaitwa, mnakaa chini ya mwembe, katibu anafungua daftari: tulikuwa na kiasi hiki, tumezika wangapi, kimebaki hiki, tunaomba mchango upande. Watu watagombana mpaka jioni. Shangazi mmoja atasusa. Lakini wiki ijayo mtatoa, kwa sababu mliliona daftari.

Tangu 1996 hadi leo, mara ngapi daftari la CHF limefunguliwa mbele ya mwanachama wa kawaida? Ada imepanda, msimamizi amebadilika, kadi imebadilika rangi, na mara nyingi mwanachama aliyajua hayo alipofika dirishani. Nikiisoma historia hii yote ninachokiona ni hicho: watu wetu hawakuondoka kwa sababu masharti yalikuwa magumu. Waliondoka kwa sababu walibadilishiwa bila kuambiwa, na kilichoahidiwa badala yake hakikuwepo dirishani. Ahadi ni deni, na deni la dirisha la dawa linalipwa kwa dawa.

SHERIA MPYA, NA WEWE

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na inaweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa hiyo tunaelekea mahali ambapo swali la nibaki au niondoke linafutwa na sheria. Kwa kapu ni habari njema, kwa sababu wazima na wagonjwa watakuwa pamoja. Ila lazima isilazimishi moyo. Rwanda bima ni lazima na bado watu walipungua kanuni zilipowachanganya.

Basi unayeniuliza ulipe au usilipe, mimi nakwambia lipa. Lipa mapema, hela ya kahawa au maharage ikiwa bado mkononi, kabla ya ada za shule kuila. Usiache mbachao kwa msala upitao. Malazi ya siku chache tu kwa mtu asiye na kadi yanaweza kumaliza kiasi cha ada ya miaka kadhaa. Sikwambii hivi kwa sababu kila kitu kiko sawa. Nakwambia kwa sababu naijua bei ya kukaa nje.

Lakini ukishalipa, usinyamaze kama umepewa sadaka. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Mjue wako ni nani. Kwenye mkutano wa kijiji simama uulize mambo matatu: mwaka huu kaya ngapi zimelipa, hela ngapi imerudi kituoni kwetu, na imenunua dawa gani. Ukikosa dawa dirishani, usiondoke ukinung'unika njiani mpaka Lusahunga. Mwambie mwakilishi wako siku hiyo hiyo, na utaje dawa kwa jina lake. Abiria wa ndege walirudishiwa baadhi ya masharti yao kwa sababu walihesabika na walisema. Sisi tuko wengi kuliko wao.

Na nyie watumishi wenzangu mnaosoma hapa: dawa ikiwa imeisha, mwambie mwenye kadi imeisha lini na inategemewa lini. Usimjibu tu "hakuna". Hilo neno moja limewatoa watu wengi kwenye mfuko kuliko ada ilivyowahi kuwatoa.

Sehemu ya nane nitaandika kuhusu wakunga wa jadi na jinsi kliniki ya wajawazito ilivyoingia vijijini kwetu. Kama bibi yako alikuwa mkunga, andika hapo chini alikuwa kijiji gani, nitakufuata inboksi. Na kama una kadi ya CHF ya zamani, ile ya karatasi, ipige picha uiweke hapa, ila ufiche jina na namba. Watoto wetu waione.

Usiku mwema. Chandarua, jamani.